Kitufe cha Korasi

Miyuji, Dodoma
Jumapili, baada ya ibada

Mama yangu,

Shikamoo. Na ya Bibi umfikishie, umsemee karibu na sikio la kulia maana najua la kushoto limeshagoma. Goti lako je? Bado linakusumbua ukishuka bondeni kuchimba viazi, au ile dawa ya kuchua imesaidia? Na Vumi anaamka mwenyewe kwenda shule, au mpaka apigiwe kelele? Nasikia huko mvua zimewahi na ukungu haunyanyuki mpaka saa nne. Natamani hata huo ukungu. Hapa tuna upepo, Mama, upepo na vumbi. Ukianika shati jeupe asubuhi, mchana unaanua la kahawia.

Mimi mwili hauumwi. Hayo mengine ndiyo yaliyonifanya nichukue karatasi.

Utashangaa kwa nini sikupiga simu. Ukipigiwa unaweka spika ili Bibi asikie, Bibi akisikia anaitikia kwa sauti, na nyumba ya pili wanajua. Meseji anakusomea Vumi kwa kuwa herufi za simu ni ndogo kwa macho yako, na hili sitaki Vumi alisome; barua utaisoma mwenyewe. Tena unanijua, mambo ya moyoni yakifika kooni kwangu yanageuza. Kwenye kalamu angalau hakuna anayenitazama mdomo. Barua nampa yule kaka wa lori la viazi, anarudi huko kesho kutwa.

Nianze na baya kabisa. Desemba siji. Kwaya inakuja kwenu, mimi siji.

Najua umeshawaambia watu. Mwinjilisti alitangaza kanisani kwamba kwaya ya Dodoma itakuja kuimba, na mpiga kinanda wao ni mtoto wa hapahapa, akina mama wakapiga vigelegele. Ulinisimulia mwenyewe unacheka. Tangu Baba Mdogo anichukue kuja kusoma huku, baada ya Baba kututoka, sijakanyaga nyumbani, na safari hii ya kwaya ndiyo ilikuwa njia yangu. Nikikumbuka ulivyocheka natamani kuingia uvunguni. Lakini nataka usikie kwangu kwanza, kwa sababu Baba Mdogo atakupigia na atakwambia mtoto wako ana kiburi. Siyo kiburi, Mama. Sijui nikiite nini, ila siyo kiburi.

Sikuwahi kukueleza kinanda cha hapa kilivyo. Siyo kama kile cha usharika wetu cha kukanyaga kwa miguu mpaka mpigaji anatoka jasho. Hiki ni cha umeme, kimejaa vitufe, na maandishi yote ni Kiingereza. Ndani yake kuna mambo yanayoigeuza sauti kabla haijatoka kwenye spika. Kuna REVERB, huo ni mwangwi. Ukiuzidisha, wimbo unakuwa kama unapigwa pangoni. Ukiuzima, sauti inatoka kavu, inaanguka pa, pa, pa, kama punje za mahindi kwenye sinia tupu. Halafu kuna CHORUS. Hiyo inaichukua sauti moja inaifanya kama watu watatu wanaimba mstari uleule, mmoja kachelewa kidogo, mwingine kapanda kidogo, hawalingani sawasawa, na kwa sababu hawalingani ndiyo sauti inakuwa nene na laini. Hiyo CHORUS ndiyo iliyoniponza.

Shuleni wananiita Bubu. Kule ni Kiingereza kuanzia getini. Ukikutwa unaongea Kiswahili unavishwa kibao shingoni, unakaa nacho mpaka umkamate mwenzako naye ameteleza. Mimi sipendi kumkamata mtu, kwa hiyo nikaona nisiongee lugha yoyote. Mwalimu yeyote akinisimamisha, kichwani kinabaki Kiingereza tu, Kiswahili chote kinakimbia. Ukilijua hilo, utaelewa yaliyofuata.

Kwenye kinanda lakini nilikuwa naongea. Jumamosi vijana tunadeki kanisa, wenzangu wakiondoka nabaki. Nafuta vumbi kwenye vitufe, nakiwasha, nageuza kidogo kidogo. Mwangwi napandisha, nashusha. CHORUS naiweka juu, naona inayumba kama mlevi, naishusha chini ya nusu. Siku moja nikachanganya sauti ya nyuzi na mwangwi mdogo sana na CHORUS ya chinichini, nikabonyeza tu mwanzo wa wimbo, na Mama, nilisikia kwaya yenu. Akina mama asubuhi ya baridi, mvuke unatoka mdomoni, koo halijapata joto, mmoja anaanza kabla ya mwenzake. Nilikaa chini kwenye sakafu yenye maji nikalia.

Hiyo sauti nikaihifadhi kwenye kumbukumbu ya kinanda, nafasi ya nne. Sikumwambia mtu. Nilikuwa nawaza tu Desemba: Mama amekaa benchi lake la dirishani, mimi nabonyeza nne.

Sasa mwalimu wa kwaya. Anaitwa Mwalimu Chitema, hafundishi shule, ni mkulima wa zabibu kule Zuzu, anakuja mazoezini na pikipiki yake imejaa vumbi. Akiingia anapaza sauti kwa Kigogo, "Mbukwenyi!" na sisi wote, hata tusiojua Kigogo, tunaitika, "Mbukwa!" Anacheka, anatania, watoto wanampenda. Na yeye ndiye aliyeweka sheria ya kitufe cha CHORUS kabla hata mimi sijafika Dodoma.

"Waliotengeneza hiki kitu si wajinga," huwa anasema. "Wameona mpigaji anaweza kujisahau, wakamwandikia kabisa. Korasi ya wimbo ikifika, unabonyeza korasi. Ubeti ukirudi, unazima. Kuna ugumu gani hapo?"

Ndivyo walivyofanya wapigaji wote wa kwaya hii. Huko kwetu tunasema kiitikio, huku wanasema korasi, na kitufe kimeandikwa hivyohivyo, basi kimekuwa cha korasi. Ikifika korasi, wah! sauti inaruka kama mtu kafungua mlango kwa teke. Watu wameshazoea. Ikisikika hiyo wah, mikono inanyanyuka kanisa zima. Na mimi nilibonyeza hivyohivyo miezi yote, maana nani aniulize.

Lakini sikukuu ya mavuno nilijisahau, au nilithubutu, sijui. Dada Mariamu alikuwa anaimba beti peke yake. Nikabonyeza nne chini ya sauti yake, polepole, na CHORUS ikiwa imo humo. Korasi ilipofika nikaizima. Niliona hivi: kwenye korasi watu wenyewe ni wengi, kwa nini niwafanye wengi zaidi? Aliyekuwa peke yake ni Mariamu, yeye ndiye alihitaji watu. Kanisa likatulia, Mama. Mchungaji aligeuza shingo kabisa kuangalia kinanda. Wimbo ulipoisha akasema, "Turudieni huo." Nikarudia. Nilirudi nyumbani sihisi njaa.

Alhamisi mazoezini, Mwalimu akaja akasimama mbele ya kinanda. Alianza kwa utani.

"Binti yangu, nani kakuambia uzime korasi kwenye korasi?"

"Msomi huyo, Mwalimu!" mtu wa besi akadakia, yule wanayemwita Baba Bahati. "Ana ya kwake!"

Watu wakacheka. Mimi nikasimama. Mtu ninayemwita Mwalimu amenisimamisha, ananiuliza swali, watu wote wananitazama. Unajua kilichotokea? Mdomo ukafunguka wenyewe, nikasema, "Sir, it is not that chorus. It is only an effect." Maana yake, siyo korasi ile, ni kitu cha kugeuza sauti tu.

"Heee!" Baba Bahati akapiga paja. "Mwalimu, leo umejibiwa!"

"Kitoto cha juzi hiki," mama mmoja wa sauti ya kwanza akasema, "kinatujibu Kizungu kanisani?"

Mwalimu hakucheka. Yeye husema mwenyewe kwa utani kwamba aliishia darasa la saba na la saba lenyewe alilimaliza kwa kuchunga mbuzi. Akisema yeye, tunacheka naye. Siku ile ilikuwa kama nimemsema mimi. Akaniambia polepole, "Mwanangu, mimi nimekuuliza kwa Kiswahili."

Nilitaka kumjibu kwa Kiswahili. Wallahi nilitaka, na usinigombeze kwa kuapa. Lakini kile kitu hakuna aliyewahi kunifundisha kwa Kiswahili. Nilisoma kwenye kitabu cha kinanda, chote Kiingereza. Nikatafuta, nikatafuta, nikatoa hiki: "Korasi hii siyo korasi, Mwalimu."

Walicheka mpaka wengine wakakaa chini. "Korasi siyo korasi! Na ubeti siyo ubeti! Na wewe siyo wewe!" Mwalimu akavaa kofia yake akatoka, mazoezi yakaishia hapo.

Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, nikaitwa kuomba radhi mbele ya kwaya. Mwenyekiti wa kwaya, Mama Ndahani, alikuwa amekaa na daftari la nyimbo mapajani, Mwalimu pembeni yake anaangalia dirisha. Baba Mdogo akanisogeza mbele kwa kiganja mgongoni. "Haya, sema."

Mama, nilikuwa nimejiandaa. Nilifanyia mazoezi bafuni: naomba mnisamehe, Mwalimu, sikukusudia. Maneno machache tu. Nilipofungua mdomo hayakutoka. Kwa Kiswahili hayakutoka, kwa Kiingereza namshukuru Mungu nayo hayakutoka. Walisubiri. Mtu akakohoa. Nilikuwa naona vidole vyangu vya miguu tu kwenye ndala.

"Mnaona?" Mama Ndahani akasema, wala hakukasirika. "Kama hata radhi kwake ni mzigo, basi apumzike."

Kupumzika, ndivyo wanavyosema huku. Maana yake umetolewa, lakini umetolewa kwa upole. Nipumzike mpaka kwaya irudi kutoka safari ya Makete. Safari ya kwetu.

Tulipofika getini Baba Mdogo akasimama. "Umenitia aibu, Edina. Nafanya kazi ofisi moja na watu wale. Neno moja tu, neno moja lilikushinda?" Mama Mdogo akamwambia aniache nile kwanza. Sikula.

Ningeishia hapo ningekwambia mambo ya kawaida, mtoto kakosewa, mtoto kanuna. Kilichoniuma ni kilichofuata.

Walimpata mpigaji mwingine, mwanafunzi wa chuo kule Chimwaga, anaitwa Elia. Mwalimu akampigia Baba Mdogo simu, akasema nije nimwonyeshe sauti zilipo, kwa sababu zile sauti ni mali ya kwaya. Baba Mdogo akasema hiyo ndiyo nafasi yangu ya kuonyesha adabu. Nikaenda Jumatano mchana, kanisa tupu, upepo unagongagonga bati.

Nilikuwa nimejiandaa kumchukia, lakini hachukiki kirahisi. "Mambo, dogo? Hujibu? Poa, mimi nitaongea kwa niaba ya wote wawili." Akakaa, akaminya vitufe. Akafika nne. Akapiga kidogo, akapiga tena.

"Aisee. Hii umeitengeneza wewe?"

Nikatikisa kichwa, ndiyo.

"Dogo, hii noma. Huko kwenu watalia."

Na anapiga vizuri, Mama. Nikwambie ukweli, anapiga kuliko mimi. Akaanza wimbo wa Mariamu, beti akazipiga kwa nne, mwili ukanisisimka. Ikaja korasi. Akanyoosha kidole, akabonyeza CHORUS, akaipandisha mpaka juu. Wah!

"Hiyo siyo ya korasi!" Nilisema kwa sauti. Kwa Kiswahili kizuri kabisa, kilichonikimbia siku zote zile.

Elia akacheka. "Najua, dogo. Inaongeza unene wa sauti tu, haina uhusiano na korasi ya wimbo. Nani asiyejua?"

"Sasa mbona unabonyeza?"

"Kwa sababu Mwalimu anataka." Akaniangalia kama ananihurumia. "Wewe unadhani nitabishana na mzee wa watu kwa ajili ya kitufe? Nabonyeza, napanda basi, nakula viazi vya kwenu, narudi chuo. Wewe ukweli wako ungeuweka mfukoni, sasa hivi ungekuwa na siti yako ya dirishani."

Mama, hilo neno nimelala nalo, nimeamka nalo. Kumbe anajua. Yeye anajua na ananyamaza kwa kupenda, anaitwa kijana mwenye heshima. Mimi nilinyamaza kwa kushindwa, nikaitwa mwenye kiburi. Siku niliyoongea nikakosea lugha, siku niliyopaswa kuongea nikakosa sauti, na anayepanda basi ni mtu anayedanganya kwa kidole.

Simu yake ikaita, akatoka barazani. Alikuwa anaongea na msichana, nilijua kwa anavyocheka. Nikabaki mimi na kinanda. Nikachagua nafasi ya nne, nikashikilia kitufe cha kufutia. Kinanda kikaniuliza kwa Kiingereza kama nina hakika.

Hapo nilijibu upesi.

Nikusemee ukweli wote, nilikukumbuka kabla ya kubonyeza. Sikufanya kwa kusahau. Niliona benchi lako, nikajua kwamba hiyo ndiyo njia pekee ambayo kitu changu kingekufikia Desemba, na nikaona afadhali usinisikie kabisa kuliko kunisikia kwa vidole vya mtu aliyenihurumia. Kama ni dhambi, ni hiyo. Sijui hata niiombee vipi.

Elia akarudi, akabonyeza nne. Ikatoka piano ya kiwandani, kavu, ya kila mtu. Akabonyeza tena. Akanitazama, akasema, "Dogo..." Akafunika kinanda kwa kitenge chake, akaondoka. Mpaka leo hajamwambia Mwalimu.

Leo nilikaa nyuma kabisa na Mama Mdogo. Wameimba wimbo uleule. Mariamu ameimba beti zake juu ya ile piano kavu, ikafika korasi, wah! mikono juu. Mchungaji hakugeuka. Hakuna aliyeuliza ile sauti iko wapi, hata Mariamu mwenyewe. Nilidhani nimewanyang'anya kitu. Kumbe hawakuwa nacho, au hawakujua kama wanacho, na walionyang'anywa ni mimi na wewe tu.

Watakuja, Mama. Mwinjilisti atawagawa wageni kwenye nyumba kama kawaida, na ninajua wewe utamwomba akupe mwalimu wa kwaya, kwa sababu unafikiri ndivyo inavyopasa. Mpokee. Si mtu mbaya, na hilo nalo linaniudhi, ningependa awe mbaya. Mwekee blanketi mbili na umsogeze karibu na jiko, watu wa huku hawajui baridi ya kwetu. Chai anapenda yenye sukari nyingi. Atakuuliza, "Wewe ndiye mama yake Edina?" Mwambie ndiyo.

Lakini ukishamwambia ndiyo, naomba uishie hapo. Nakujua. Utataka kupiga goti na kikombe mkononi, useme mnisamehee mtoto wangu, bado mdogo, ni mjinga. Usiseme, Mama. Radhi yangu ilinikwama mwenyewe, nitaitoa mwenyewe siku itakapotoka, na kama haitatoka basi. Usinitolee wewe. Wamenipumzisha kwenye kinanda. Sitaki tena uniongelee wewe, nikawa nimepumzishwa na kwenye mdomo wangu.

Msalimie Bibi, mwambie mafuta ya alizeti niliyomnunulia anayo kaka wa lori, ayadai. Vumi mwambie asome, na kibao cha shingoni akifika sekondari asimvishe mwenzake. Mjomba fundi baiskeli mpe pole kwa ule mkono wake unaouma. Mama Mkubwa wa kwaya ya akina mama, aliyenifundisha kushika sauti ya pili nikiwa sijafika hata kiunoni mwake, msalimie sana na usimweleze lolote, yeye akiniuliza nitamweleza. Mwinjilisti umwambie abadilishe lile tangazo. Asitaje sababu.

Karatasi imefika ukingoni na mkono umechoka. Siku wakianza kuimba, wewe imba nao, ila usigeuke kukitazama kinanda. Simo.

Mwanao,
Edina